Mpelelezi Aliyelipwa Filamu Badala ya Hela

Fikiria umepiga kazi yako vizuri, halafu siku ya malipo mteja anakukabidhi mikanda mitano ya filamu kuukuu. Hela hakuna. Ndicho kilichompata mpelelezi mmoja wa kujitegemea kule North Carolina, Marekani. Jamaa hakuzira. Mwaka 2005 akawatafuta watu wa jumba la makumbusho ya sanaa la Oklahoma City, akawaambia ana mzigo anauza.

Kumbe mzigo wenyewe ni The Daughter of Dawn, filamu bubu ya mwaka 1920. Ilionyeshwa mara chache tu, kisha ikapotea kwa zaidi ya miaka 80.

Stori yake ni mapenzi. Wanaume wawili wanamtaka binti wa chifu, na mzee anawaambia anayempenda kweli aruke kutoka juu ya jabali. (Bora mahari, jamani!) Ila utamu wake uko kwa waigizaji. Enzi zile ilikuwa kawaida Mzungu kupakwa rangi aigize Mhindi Mwekundu. Humu hayupo Mzungu hata mmoja mbele ya kamera. Ni Wakiowa na Wakomanche wenyewe, kama 300, waliokuja na farasi wao, mahema yao na mavazi yao. Kijana anayeongoza ni White Parker, mtoto wa chifu maarufu Quanah Parker. Na hapo serikali ilikuwa inabana ngoma zao na kuwapeleka watoto wao shule za bweni wasahau lugha.

Wakusanyaji huhangaikia mikanda kama hii kwa sababu imebaki michache mno. Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza mwaka 2013 kwamba kati ya filamu bubu ndefu karibu 11,000 za nchi hiyo, zilizobaki katika umbo lake la awali ni asilimia 14 tu. Mikanda ya zamani ilikuwa ya naitreti, kitu kinachooza na kushika moto kirahisi.

Mpelelezi alianza na bei ya juu, mwisho mwaka 2007 akaachia kwa dola 5,000 hivi. Filamu ikakarabatiwa, ikaonyeshwa tena 2012, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa.

Kwa mkusanyaji, hiyo ni mikanda mitano adimu. Kwa Wakiowa na Wakomanche ilikuwa habari nyingine kabisa: watu wazima walikaa mbele ya skrini wakawatambua wazee wao kwa sura, wakiwa bado vijana, juu ya farasi.