Dick Allen, Aliyevaa Kofia Ngumu Mbele ya Mashabiki Wake

Wapenzi wasikilizaji, hasa mliokulia kwenye kandanda, nawaomba mvumilie besiboli kwa dakika chache.

Mwaka 1963 klabu ya Philadelphia Phillies ilimpeleka kijana wa miaka 21, Dick Allen, mzaliwa wa Wampum, Pennsylvania, kwenye timu yake ndogo huko Little Rock, Arkansas. Akawa mchezaji wa kwanza mweusi wa timu hiyo. Mpira wa ufunguzi ulirushwa na Gavana Orval Faubus, yule yule aliyeweka askari mwaka 1957 kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie shule ya sekondari mjini humo. Allen alikuta karatasi ya matusi kwenye kioo cha gari lake. Msimu huo alipiga mipigo 33 ya kuvuka uzio.

Mwaka uliofuata alichezea Philadelphia, akapangwa kulinda kituo cha tatu, nafasi asiyoizoea. Alifanya makosa 41 ya kudaka na kurusha. Hata hivyo gongo lake, zito kuliko ya wenzake wengi, lilimpatia mipigo 29 ya kuvuka uzio na tuzo ya mchezaji bora chipukizi.

Julai 1965, mchezaji mwenzake mweupe, Frank Thomas, alimpiga begani kwa gongo katika ugomvi wa mazoezini. Thomas aliachwa na klabu. Allen akaamriwa asiseme lolote. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mambo yalipoharibika, kwani mashabiki walimhukumu yeye. Wakaanza kumrushia vitu, hadi akawa analinda uwanjani akiwa na kofia ngumu kichwani.

Oktoba 1969 alipelekwa St. Louis. Curt Flood, aliyetakiwa kwenda Philadelphia katika mabadilishano hayo hayo, alikataa na kufungua kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani. Alishindwa mwaka 1972. Mwaka huo huo Allen, sasa akiwa Chicago White Sox, alipiga mipigo 37 na kutawazwa mchezaji bora wa ligi yake.

Alimaliza mwaka 1977 akiwa na mipigo 351. Mwaka 2014, na tena 2021, alikosa kura moja tu kuingia Ukumbi wa Watukufu huko Cooperstown. Kura zilipotimia, Desemba 2024, alikwisha fariki miaka minne kabla. Julai 2025, aliyesimama kuzungumza kwa niaba yake ni mjane wake.