Elektroni Ilipogawanyika Cambridge

Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Maabara ya Cavendish, Cambridge, alitangaza kugundua elektroni. Mwaka 2009 watafiti wa maabara hiyohiyo, pamoja na wenzao wa Birmingham, walitangaza jambo la ajabu zaidi: elektroni zikibanwa kwenye waya mwembamba mno, chaji yake huenda kwa kasi moja, na spini, ile hali inayoifanya kila elektroni kuwa sumaku ndogo, huenda kwa kasi nyingine. Chembe yenyewe, kwa tunavyojua, haina vipande.

Waliokwenda maabara walitanguliwa na hesabu. Mwaka 1950 Sin-Itiro Tomonaga wa Japani alionyesha kwamba elektroni zilizo kwenye mstari mmoja husafirisha mawimbi. Ni kama watu waliojazana kichochoroni: ukimsukuma mmoja, msukumo unafika mwisho, yeye habanduki alipo. Na kwa kuwa elektroni husukumana kwa chaji, wimbi la chaji hulipita lile la spini.

Mwaka 1963 Joaquin Luttinger wa Marekani alitunga modeli ya jambo hilo. Modeli ilikuwa nzuri, ila utatuzi wake ulikuwa na kosa, likasahihishwa na Daniel Mattis na Elliott Lieb mwaka 1965. Hata hivyo, Duncan Haldane alipoipa hali hii jina mwaka 1981, aliiita kimiminika cha Luttinger. Tomonaga alikwisha fariki. Siku hizi wengi huandika majina yote mawili, na ndiyo haki.

Kilichokosekana ni waya wenyewe. Mwaka 1999 watafiti wa Berkeley walipima mirija ya kaboni, wakaona umeme ukipita kwa shida zaidi kadiri baridi ilivyozidi, sawasawa na nadharia. Kisha kundi la Amir Yacoby, Israeli, likarusha elektroni kati ya nyaya mbili sambamba zilizotengenezwa katika maabara za Bell, likaona dalili za kasi mbili.

Cambridge walitumia nyaya nyingi kwa pamoja, zikiwa karibu na tabaka bapa la elektroni, katika baridi inayokaribia sufuri halisi. Elektroni ziliruka kutoka upande mmoja hadi mwingine; sumaku ikachagua mwendo wake, volti ikachagua nishati. Kama elektroni zisingesukumana, grafu ingetoa mkunjo mmoja. Ilitoa miwili, mmoja wa chaji na mwingine wa spini, na wa chaji ulikuwa na kasi zaidi, takriban mara 1.4.