Gharama ya Ubora Hafifu

Gharama ya ubora hafifu ni fedha zote ambazo kiwanda kisingezitumia kama kila bidhaa ingetoka sawa mara ya kwanza. Wapo wanaofupisha istilahi hii na kusema “gharama za ubora”. Ufupisho huo unapotosha. Mhasibu akiagizwa apunguze gharama za ubora, ataanza kukata mafunzo na wakaguzi, na hapo ndipo hasara itakapozidi. Neno “hafifu” libaki.

Mwaka 1951 mtaalamu wa ubora Joseph Juran aliifananisha hasara inayoweza kuepukwa na dhahabu iliyo mgodini. Mwaka 1956 Armand Feigenbaum wa General Electric akaigawa hesabu ya gharama zinazohusu ubora katika mafungu matatu: kinga, ukaguzi, na kasoro. Kasoro nazo ni za ndani, zinazogunduliwa kabla bidhaa haijatoka getini, na za nje, zinazomkuta mteja.

Za nje ndizo zinazoumiza zaidi. Mwaka 2016 Samsung iliagiza simu zipatazo milioni 2.5 za Galaxy Note7 zirudishwe kwa kuwa betri zilikuwa zikishika moto. Baadhi ya simu zilizotolewa badala yake nazo ziliwaka, na Oktoba utengenezaji ukasitishwa kabisa. Chanzo kilitangazwa Januari 2017, baada ya wahandisi wapatao 700 kujaribu simu zaidi ya 200,000: betri za mtengenezaji mmoja zilikuwa na elektrodi zilizopinda kwenye kona, na za wa pili zilikuwa na dosari za uchomeleaji. Kampuni ikaanzisha ukaguzi wa betri wa hatua 8, ukiwemo wa eksirei.

Ugumu uko kwenye kupima, maana leja haina safu yenye jina hili. Hasara imetawanyika: saa za kurudia kazi zimo kwenye mishahara, vilivyoharibika vimo kwenye malighafi, vilivyorudishwa vimo kwenye usafiri. Ningeshauri kuanza na laini moja ya uzalishaji. Kila kipande kinachotupwa kiandikiwe sababu, na thamani yake hadi hatua kilipoharibikia, kwa kuwa kilichoharibikia mwishoni kimeshakula umeme na nguvu kazi ya hatua zote za nyuma. Sababu mbili tatu zenye hasara kubwa zitajitokeza. Zitibiwe kwenye chanzo, kwa muuza malighafi au kwenye urekebishaji wa mashine, kabla ya kuajiri mkaguzi mwingine. Na mfanyakazi anayeripoti kasoro asikatwe mshahara kwa kuiripoti. Akikatwa ataficha vipande, na kipimo chote kitakuwa cha uongo.