Ufahamu: Kusitishwa kwa Ditekta za Zamani za Dhahabu na Mambo ya Kuzingatia kwa Wachimbaji Wadogo wa Handeni na Korogwe

Kitambua metali, ambacho wachimbaji wengi hukiita ditekta, ni miongoni mwa vifaa vya gharama kubwa ambavyo kikundi cha wachimbaji wadogo wa dhahabu huweza kununua. Mara nyingi fedha zake hutokana na michango ya wanakikundi, mkopo au mauzo ya mifugo na mazao. Kwa sababu hiyo, mtengenezaji anapoacha kutengeneza muundo uliozoeleka, jambo hilo linamgusa moja kwa moja mwananchi wa Handeni au Korogwe anayemiliki kifaa hicho, na zaidi yule anayejiandaa kukinunua.

Makala haya yanaeleza maana ya kusitishwa huko, uwezo na mipaka ya kifaa chenyewe katika ardhi ya Mkoa wa Tanga, tahadhari dhidi ya bidhaa bandia, pamoja na masharti ya Sheria ya Madini, ambayo hayabadiliki kwa kubadilika kwa kifaa.

Vifaa vinavyohusika

Ditekta nyingi zilizotumika katika utafutaji wa dhahabu barani Afrika zilitengenezwa na kampuni ya Minelab ya Australia, iliyoanzishwa mwaka 1985 na ambayo ni sehemu ya kampuni ya Codan. Mwaka 1995 kampuni hiyo ilitoa muundo wa SD 2000, ambao ulikuwa hatua kubwa katika kutafuta dhahabu kwenye udongo wenye madini ya chuma. Ulifuatiwa na miundo ya GP, na baadaye familia ya GPX ikiwamo GPX 4000, GPX 4500 na GPX 4800. Mwaka 2015 ikatoka GPZ 7000, na mwaka 2021 ikatoka GPX 6000, ambayo ni nyepesi zaidi na hujirekebisha yenyewe kulingana na udongo.

Kadiri miundo mipya ilivyoingia sokoni, ile ya zamani iliondolewa katika orodha ya bidhaa zinazotengenezwa. GPX 4500, iliyopata umaarufu mkubwa kwa wachimbaji wadogo, ni mojawapo ya miundo hiyo.

Maana ya kusitishwa

Kusitishwa kwa utengenezaji ni uamuzi wa kibiashara wa mtengenezaji. Si amri ya Serikali, na hakumaanishi kwamba kifaa kimepigwa marufuku au kwamba aliyenacho anatakiwa kukisalimisha. Ditekta iliyonunuliwa kihalali inaendelea kuwa mali ya mwenyewe, na ikitunzwa vizuri inaweza kufanya kazi kwa miaka mingi.

Kinachobadilika ni mambo matatu. La kwanza ni vipuri: betri, koili, nyaya na visikilizio halisi hupungua sokoni kadiri muda unavyopita, na bei yake hupanda. La pili ni dhamana: kifaa kilichotumika hakibebi tena uhakika wa kurekebishwa na mtengenezaji, hata kama muuzaji anaahidi hivyo kwa mdomo. La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba kifaa kinachouzwa kama kipya ilhali kiwanda kimekwishaacha kukitengeneza kinapaswa kutiliwa shaka hadi muuzaji athibitishe kilikotoka.

Namna kifaa kinavyofanya kazi

Ditekta za familia ya GPX hutumia mapigo ya umeme. Koili iliyo karibu na ardhi hupeleka pigo fupi la mkondo, ambalo huzalisha uga wa sumaku unaopenya kwenye udongo. Pigo linapokatwa, kipande cha metali kilichomo ardhini hubaki na mkondo mdogo unaofifia taratibu. Koili husikiliza mkondo huo katika muda mfupi mno baada ya pigo, kisha kifaa huugeuza kuwa sauti masikioni mwa mtumiaji.

Ugumu hutokana na udongo wenyewe. Udongo mwekundu na mawe yenye chuma nayo hutoa mwitikio, na katika ditekta za kawaida mwitikio huo huweza kufunika sauti ya punje ya dhahabu. Ubora wa ditekta za mapigo ni uwezo wake wa kutenganisha mwitikio wa udongo na ule wa metali. Uwezo huo ndio uliozipa bei kubwa, na ndio huo huo unaokosekana katika vifaa vya kughushi.

Ditekta haitambui dhahabu peke yake. Hulia pia kwa msumari, kifuniko cha chupa, risasi na kipande cha jembe. Aidha, haisikii dhahabu iliyo katika chembe ndogo mno ndani ya mwamba, hata kama mwamba huo una dhahabu ya kutosha kuchimbwa kwa faida. Kifaa hiki kinafaa kwa vipande na punje zilizokusanyika pamoja karibu na uso wa ardhi, hasa kwenye miteremko na mikondo ya zamani ya maji.

Ardhi ya Handeni na Korogwe

Dhahabu ya Geita na maeneo mengine ya Kanda ya Ziwa iko katika miamba ya kale sana ambayo wataalamu wameichunguza kwa zaidi ya miaka 100. Handeni ni tofauti. Wilaya hiyo, pamoja na Kilindi iliyogawanywa kutoka Handeni mwaka 2002, iko katika Ukanda wa Miamba wa Msumbiji, ambayo ilibadilika kwa joto na mgandamizo mkubwa. Kwa muda mrefu ukanda huo ulijulikana zaidi kwa vito kuliko dhahabu.

Mtazamo huo ulibadilika baada ya wachimbaji wadogo kufanya kazi katika kilima cha Magambazi wilayani Handeni, na baada ya kampuni ya Canaco ya Kanada kufanya uchorongaji mahali hapo kuanzia takriban mwaka 2010. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Magambazi imo ndani ya mwamba. Ditekta inaweza kumwonesha mchimbaji vipande vilivyomomonyoka kutoka kwenye mwamba huo, lakini haiwezi kumweleza ukubwa wa mashapo yaliyo chini. Taarifa hiyo hupatikana kwa utafiti wa kijiolojia, uchukuaji wa sampuli, upimaji wa maabara na uchorongaji.

Kwa upande wa Korogwe, eneo la Kalalani linajulikana kwa vito, yakiwamo madini ya jamii ya garneti. Mwananchi anayenunua ditekta kwa matumaini ya kupata vito atapoteza fedha zake, kwa kuwa vito si metali na kifaa hiki hakivisikii. Hiyo ni sababu tosha ya kikundi kutaka kufahamu kwanza aina ya madini yaliyopo katika eneo lake kabla ya kuchangishana. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao yake Dodoma, ina ramani za jiolojia na hutoa huduma za maabara, na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina mitambo ya uchorongaji inayohudumia wachimbaji wadogo.

Bidhaa bandia

Tatizo la ditekta za kughushi linafahamika kimataifa. Baada ya wimbi la utafutaji wa dhahabu kushika kasi nchini Sudan na katika nchi nyingine za Afrika, nakala zilizotengenezwa China ziliingia sokoni kwa wingi. Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa wadukuzi waliiba michoro ya ditekta za Codan kupitia kompyuta ya mfanyakazi aliyekuwa safarini China mwaka 2011. Kampuni ililazimika kushusha bei, na faida yake ya mwaka ikaporomoka kutoka dola za Australia milioni 45 hadi milioni 9.2 katika mwaka ulioishia Juni 2014. Ikiwa kampuni kubwa iliumia kiasi hicho, hasara ya kikundi cha watu 10 waliochanga akiba yao yote ni rahisi kuifikiria.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Namba ya utambulisho iliyo kwenye kifaa ilingane na ile ya kwenye boksi na nyaraka, na iulizwe kwa wakala aliyeidhinishwa na mtengenezaji.

2. Kifaa kijaribiwe ardhini, si juu ya meza ya dukani. Ditekta bandia huweza kulia kwa pete iliyoshikwa mkononi, kisha ikashindwa kabisa kwenye udongo mwekundu. Kipande kidogo cha risasi kilichofukiwa kwa kina kinachojulikana ni kipimo kizuri, kwa kuwa mwitikio wake unakaribiana na ule wa dhahabu.

3. Betri ipimwe kwa matumizi ya saa kadhaa. Betri ya lithiamu iliyovimba isitumike, isitobolewe wala kutupwa motoni.

4. Risiti ya kielektroniki ya EFD idaiwe, ikitaja jina kamili la muundo na kueleza iwapo kifaa ni kipya au kimetumika.

5. Kikundi kiwe na maandishi yanayoonesha mchango wa kila mwanachama, anayetunza kifaa na namna mapato yatakavyogawanywa.

Anayeuziwa bidhaa bandia anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia udhibiti wa bidhaa hizo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Risiti ndiyo msingi wa malalamiko hayo.

Ditekta si leseni

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini, Sura ya 123, hakuna mtu anayeruhusiwa kutafuta au kuchimba madini bila leseni halali. Madini ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Hivyo, mwenye shamba hamiliki madini yaliyo chini ya shamba lake, na mwenye ditekta hapati haki yoyote juu ya dhahabu kwa sababu tu kifaa chake kimelia.

Leseni inayomfaa mchimbaji mdogo ni Leseni ya Uchimbaji Mdogo, maarufu kama PML. Hutolewa kwa Watanzania pekee, hudumu kwa miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Kwa madini kama dhahabu, eneo lake halizidi hekta 10. Kabla ya kuanza kazi, mwombaji anaweza kuangalia katika mfumo wa leseni wa Tume ya Madini iwapo eneo analokusudia lina mmiliki mwingine.

Leseni nayo haimwondolei mchimbaji wajibu kwa jirani. Maeneo ya makazi, mashamba yenye mazao, makaburi na hifadhi yana ulinzi wa kisheria, na yanahitaji ridhaa ya anayehusika. Kuingia msituni usiku na ditekta bila kibali ni kosa, na mashimo yasiyofukiwa ni hatari kwa watoto na mifugo. Vilevile, vitu vya kale vinavyopatikana ardhini vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Havipaswi kuchukuliwa wala kuuzwa.

Dhahabu inayopatikana iuzwe katika soko la madini au kituo cha ununuzi kinachotambuliwa. Soko la kwanza la mfumo huu lilifunguliwa Geita mwezi Machi 2019. Katika mwaka huo pia, Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 katika mauzo yao. Muuzaji hupata vipimo vinavyokaguliwa na bei inayoendana na soko la dunia, na mrahaba wa Taifa hulipwa hapo hapo.

Hitimisho

Mwenye ditekta ya zamani iliyo nzima hana sababu ya kuiuza kwa hofu. Atunze koili na nyaya zake, na atafute betri ya akiba wakati bado zinapatikana. Anayetaka kununua sasa alinganishe bei ya kifaa kilichotumika na ile ya muundo unaoendelea kutengenezwa, akizingatia upatikanaji wa vipuri. Na kikundi ambacho hakijapata leseni kianze na leseni: gharama ya kuiomba ni ndogo kuliko bei ya ditekta, nayo ndiyo inayokipa haki juu ya dhahabu itakayopatikana.

Kwa maelezo zaidi kuhusu leseni, maeneo yaliyo wazi na masoko, wananchi wa halmashauri za Handeni na Korogwe wanashauriwa kufika katika Ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Mkoa wa Tanga.