Wachumaji Wengi, Mizani Moja

Juzi kijana mmoja hapa Mombasa aliniuliza: je, kompyuta yenye prosesa 8 humaliza kazi kwa kasi mara 8? Nikakumbuka safari yangu ya Kisii na Nyamira. Wachumaji wa majani chai walikuwa wengi, mizani moja. Kuchuma kwagawanyika, kupima hakugawanyiki.

Mwaka 1967 Mmarekani Gene Amdahl alieleza jambo hilo kwa upande wa kompyuta. Ikiwa asilimia 10 ya kazi haigawanyiki, prosesa 8 huongeza kasi mara 4.7 tu, na hata elfu moja hazifikishi mara 10. Zikigombania kumbukumbu moja, kasi hushuka zaidi.

Basi ndugu yangu, ijue kwanza sehemu isiyogawanyika, ndipo utoe pesa.