Chuo, Baraza na Insha: Historia ya Kujifunza Kuandika Changamwe na Bara ya Mombasa

Changamwe lilikuwa jina la watu kabla halijawa jina la kituo cha reli, la mtaa wa wafanyakazi wa bandari na la kiwanda cha kusafishia mafuta. Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa, fungu mojawapo la Mataifa Kumi na Mawili ambayo kwayo Waswahili wa Mvita hujitambulisha. Msomaji anaweza kuuliza haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeshindwa kupanga hoja zake katika kurasa tatu. Dai la makala haya ni kwamba yanamhusu sana, na kwamba wahakiki wetu wamekuwa wepesi mno wa kumlaumu mwanafunzi huyo kabla ya kuuliza amerithi nini.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kale cha pwani, chuo ni kitabu. Kisha ni mahali kitabu kinaposomwa, yaani darasa ya Kurani. Aliyebobea huitwa mwanachuoni. Tulipohitaji jina la taasisi iliyoletwa na Waingereza tuliongeza kivumishi tu, tukapata chuo kikuu, kana kwamba hiki kikubwa kimekua kutokana na kile kidogo. Kwa kweli hakikukua hivyo. Katika chuo cha awali mtoto alianza kwa kuzitambua herufi, akaandika ubaoni, akakariri juzuu, akahitimu. Aliyeendelea alisoma sarufi ya Kiarabu na fiqhi mbele ya sheikh, kitabu baada ya kitabu. Imesemwa mara nyingi kwamba mafunzo hayo yalikuwa ya kukariri tu. Hukumu hiyo huangalia chuo peke yake na kuisahau baraza iliyokuwa mlangoni pake.

Maana katika Mombasa ya karne ya 19 hoja ilifunzwa katika ushairi wa kujibizana. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga katika zama ambazo Wamazrui walikuwa wakipambana na Seyyid Said wa Oman, mapambano yaliyomalizika mwaka 1837 kwa Mvita kuanguka. Shairi lilikuwa tamko katika mabishano ya mji mzima. Anayejibu hakuwa na budi kuisoma hoja ya mpinzani, kuishika ilivyo, kuigeuza, na kuirejesha kwa vina na mizani ambavyo kila msikilizaji angeweza kuvikagua. Hiyo ni nidhamu kali ya fikra. Aidha, ilikuwa nidhamu ya maandishi: laiti Mwalimu Sikujua bin Abdallah asingalijishughulisha kuzikusanya na kuzieleza tungo hizo, William Hichens asingalikuwa na diwani ya kuchapisha mwaka 1940. Yeye hutajwa kwa haraka katika dibaji, ilhali ndiye msomi aliyetuwezesha sote kumsoma Muyaka.

Shule ya namna nyingine ilikuwa imekwisha kuanzishwa upande wa bara. Mwaka 1875 Church Missionary Society iliasisi Frere Town, huko Kisauni, kuwa makao ya watumwa waliookolewa baharini. Hapo kuandika kulifundishwa kwa hati za Kirumi, na nathari ilitangulizwa mbele ya ushairi. James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alizaliwa na kulelewa katika kijiji hicho, akawa mwalimu, na mwaka 1934 kitabu chake Uhuru wa Watumwa kikachapishwa London. Ni kisa cha kukamatwa kwa watu, safari ya kwenda pwani, jahazi, manowari ya Kiingereza, na maisha mapya Kisauni. Wahakiki wamekubaliana, na sisi tunakubali, kwamba kitabu hiki kinamsifu mkombozi Mwingereza kupita kiasi. Lakini sifa hizo zisiangaliwe kama udhaifu wa tabia ya mwandishi. Mbotela anasimulia vizuri. Nathari yake ni nyepesi na ina mpango. Kinachokosekana ni mpinzani. Hakuna ukurasa ambapo mtu mwenye akili anasimama kuuliza ni nani aliyeyajenga masoko ambayo biashara ile iliyalisha. Shule iliyomfunza kuandika haikumpa mtu wa kumjibu, na haikukusudia kumpa.

Sasa tumtazame aliyeishi ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari katika miaka hiyo hiyo. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Makala zake zilizokusanywa katika Uwongozi (1944) ni insha kwa maana kamili ya neno hilo: kila moja ina jambo inalolidai, inamjua anayelipinga, na inamfuata mpaka kwake. Anawalaumu Waislamu wa pwani kwa kuachwa nyuma katika elimu. Papo hapo anawalaumu wanaoiga mavazi ya Wazungu na kuyaacha maarifa yao. Msomaji wake hana pa kujificha. Twaona hapa mbinu ya baraza imehamishiwa kwenye nathari, na kwa rai yetu hapa ndipo insha ya Kiswahili ya hoja ilipopata umbo lake nchini Kenya, wala si katika vitabu vya shule.

Hata tahajia ya jina la kitabu hicho ina historia. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kimvita, lahaja ya Muyaka na ya wenyeji wa Changamwe, ikawa lugha ya nyumbani. Tangu hapo mtoto wa Mombasa alipoandika uwongozi, mwalimu alimfutia w.

Tofauti baina ya kupimwa kwa mtihani na kupimwa kwa hoja inaonekana wazi katika maisha ya mwana wa sheikh huyo, Ali Mazrui (1933–2014). Katika mtihani wa Cambridge alipata daraja la tatu, na daraja hilo halikumfungulia mlango wa Makerere. Akafanya kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa (MIOME). Hotuba aliyoitoa katika sherehe ya Maulidi ndiyo iliyomvutia Gavana Philip Mitchell, na kwa njia hiyo akapata ufadhili wa kwenda Uingereza. Mwaka 1963 aliingia Makerere akiwa mhadhiri. Mtihani ulikuwa umesoma karatasi yake. Hadhira ya Maulidi ilimsikiliza akijenga hoja.

Chuo kikuu kilichorithi mfumo huo kilijaribu kujirekebisha. Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati. Yaliyosomwa yakabadilika. Lugha ambayo mwanafunzi wa fasihi aliandikia insha yake haikubadilika, na suala la namna anavyofunzwa kuiandika halikupewa uzito. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na insha ikatahiniwa. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo waliingia vyuo vikuu mwaka 1990. Wakati huo kumbi zilikuwa zimefurika, na kozi ya Stadi za Mawasiliano ikawa jibu la haraka: kuchukua muhtasari, kupanga aya, kutaja marejeo. Si mambo ya kudharauliwa. Ila mhadhiri mwenye karatasi mia tatu hawezi kumjibu mtu. Huweka alama na kuendelea.

Basi mwanafunzi wa Chaani au Mikindani avukaye Makupa kila asubuhi kwenda Tudor, katika taasisi ile ile ya MIOME ambayo mwaka 2013 ilitunukiwa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, anafika na nini? Nyumbani wazazi wake huenda walitoka Taita, Ukambani au Nyanza. Kiswahili chake ni cha kituo cha matatu, cha msikiti au kanisa, cha geti la bandari. Akibishana juu ya ardhi au ajira anapanga hoja, anakisia pingamizi, anatumia methali kwa wakati wake. Akipewa karatasi anaandika utangulizi uleule alioufunzwa kidato cha nne, kisha anaorodhesha faida na hasara. Tunaosahihisha huandika pembeni: "Hana hoja."

Mwaka ule ule wa 2013 kiwanda cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta. Idara zetu zinaweza kuanza na jambo dogo: insha ya kwanza ya muhula isomwe na mwanafunzi mwenzake, huyo aandike jibu, na mwandishi wa kwanza alijibu jibu hilo kabla mhadhiri hajashika kalamu nyekundu. Katika wiki hizo mbili alama isitolewe.