Jicho la Kupimia Nuru

Picha ni kazi ya nuru. Nuru ikizidi huiharibu filamu, nayo ikipungua huiacha gizani. Hata hivyo, kamera ya Leica ilipoonyeshwa Leipzig mwaka 1925, haikuwa na chombo cha kupimia nuru. Mpiga picha alitegemea mazoea na macho yake. Na macho ni shahidi dhaifu katika jambo hili, kwani mboni hupanuka na kusinyaa bila mwenyewe kujua, hata jua na kivuli vikaonekana kukaribiana.

Msaada ulitoka katika seleniamu. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith alitangaza kuwa seleniamu hupitisha umeme zaidi inapoangaziwa. Baadaye zikatengenezwa seli zilizozaa umeme kwa kupigwa na nuru tu, umeme haba, lakini uliotosha kusukuma mshale mwembamba. Mwaka 1936 Contax III ya Ujerumani ilichukua seli hiyo kichwani pake. Mpiga picha alisoma kipimo, kisha akakihamisha kwa mkono wake.

Shida moja ilibaki. Katika kamera ya kipimamasafa mtu haoni kwa kupitia lenzi; hutazama katika dirisha la kando, akalinganisha taswira mbili mpaka zikawa moja. Seli nayo ilikaa nje. Lenzi fupi ilipoondolewa ikawekwa ndefu, picha ilikusanya sehemu ndogo ya mandhari, lakini seli iliendelea kutazama eneo lilelile pana. Leica M3 ya mwaka 1954 iliweza kupachikwa kipimanuru kilichoshikamana na gurudumu la mwendo wa pazia. Jicho likawa karibu zaidi, lakini bado lilikuwa nje.

Mwaka 1971 Leica M5 ililiingiza jicho ndani. Mkono mdogo wenye seli ya kadimiamu salfaidi ulisimama nyuma ya lenzi, ukainama kabla ya pazia kufunguka. Faida hiyo ilikuwa na gharama: kamera ilinenepa, seli ilihitaji betri, na lenzi kadhaa zilizoingia ndani mno hazikuweza kupimiwa. Wanunuzi wengi hawakuipenda, na M4-2 iliyofuata baadaye haikuwa na kipimanuru kabisa. Suluhisho lilipatikana katika M6 ya mwaka 1984: doa jeupe lilichorwa juu ya pazia, na jicho la silikoni likapima nuru iliyorudishwa na doa hilo. Mkono haukuhitajika tena.

Hata hivyo chombo hakijui kinachotazamwa. Hukisia kuwa kila kitu kina weupe wa wastani, kama kijivu kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya nuru. Kikielekezwa kwenye kanzu jeupe, huamuru nuru ipunguzwe, na kanzu likatoka la kijivu. Kikielekezwa kwenye buibui jeusi, huamuru iongezwe, na buibui likapauka. Wahandisi walitumia miaka mingi kulisogeza jicho kutoka nje hadi nyuma ya lenzi. Hukumu ya kusahihisha kipimo hicho iliachwa kwa mpiga picha.